Maswali ya Wasomaji: Umeme wa Nyuklia Hauna Moshi, Je, Taka Zake Zitalala Wapi?

Katika toleo lililopita tulieleza ahadi ambazo serikali za Afrika Mashariki zimeziweka kuhusu kupunguza gesi joto, na humo tuligusia nishati ya nyuklia kwa sentensi mbili tu: kwamba ni chanzo cha umeme kisichofuka moshi, na kwamba Kenya na Uganda zinakitaka. Barua zilizotufikia baada ya hapo hazikuhoji sentensi hizo mbili, bali ya tatu ambayo hatukuiandika, yaani ile ya taka. Tumechagua sita na kuzifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Ndugu Mhariri, mimi ni mvuvi. Tuliambiwa kwamba kinu kitakachojengwa Uyombo kitatusaidia kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Tulipouliza taka zake zitawekwa wapi, tukajibiwa kwamba teknolojia ipo. Je, "teknolojia ipo" ni jibu, au ni namna ya kutunyamazisha?
*Msomaji wa Watamu, Kaunti ya Kilifi*

Ni jibu, ndugu yangu, ila ni nusu yake tu, na nusu iliyobaki ndiyo uliyokuwa ukiitafuta.

Tuanze na lililo kweli katika maneno uliyoambiwa. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, katika ripoti yake ya mwaka 2014, lilikadiria kwamba ukihesabu kila hatua, tangu kuchimba urani hadi kubomoa kinu kilichozeeka, uniti moja ya umeme wa nyuklia hutoa takribani gramu 12 za hewa ukaa, ilhali uniti moja ya umeme wa makaa ya mawe hutoa gramu zipatazo 820. Kinu cha megawati 1,000, ambao ndio ukubwa uliokuwa ukitajwa kwa Uyombo, kikichukua nafasi ya mtambo wa makaa wa kiasi hichohicho kinaweza kuepusha zaidi ya tani milioni 6 za hewa ukaa kila mwaka. Ndiyo maana katika mkutano wa tabianchi wa Dubai mwaka 2023 nchi zaidi ya 20 zilitia saini azimio la kuongeza uwezo wa nyuklia duniani mara tatu ifikapo 2050, na mwaka uliofuata, mjini Baku, Kenya nayo ikajiunga.

Lakini rudi kwenye maneno "kikichukua nafasi ya mtambo wa makaa", kwa maana humo ndimo hoja inapolegea. Kenya haina mtambo wa makaa wa kuuzima. Takribani asilimia 90 ya umeme wake hutokana na jotoardhi ya Olkaria, maji, upepo wa Turkana na jua, na ule mtambo wa makaa uliokusudiwa kujengwa Lamu ulifutiwa leseni na baraza la rufaa za mazingira mnamo Juni 2019, ambalo lilisema wazi kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa. Kwa hiyo hoja ya tabianchi, ambayo huko Poland au India ni nzito kweli, hapa kwetu ni nyepesi zaidi: kinu hakitapunguza moshi uliopo, bali kitazuia moshi ambao huenda ungekuja mahitaji ya umeme yakiongezeka na mvua zikikosa kujaza mabwawa. Siidharau hoja hiyo. Ninachosema ni kwamba serikali ingeitamka kama ilivyo, wananchi wangekuwa na jambo la kweli la kupima.

Sasa taka zenyewe. Kinu cha megawati 1,000 hutoa tani 25 hadi 30 za fueli iliyotumika kwa mwaka, ambazo kwa mizani ni mzigo wa lori moja kubwa. Mtambo wa makaa wa ukubwa huo huteketeza tani zipatazo milioni 3. Wingi, basi, si tatizo. Tatizo ni tabia ya kitu chenyewe. Kila anayepika anajua kwamba chungu cha maharage kikiepuliwa mafigani huendelea kutokota kwa muda ingawa hakuna tena moto chini yake. Fueli ya nyuklia ikitolewa kinuni hufanya hivyo kwa miaka, na ndiyo sababu huzamishwa kwanza katika bwawa refu la maji yanayozungushwa na pampu, kwa miaka mitano au zaidi, hata ipoe kiasi cha kuhamishiwa katika makasha makubwa ya chuma na zege. Baada ya hapo joto si hofu kubwa tena, inabaki mionzi. Sesiamu 137, mojawapo ya vitu vyenye mionzi vilivyomo katika fueli hiyo, hupungua kwa nusu kila miaka 30, hivyo baada ya karne tatu huwa imebaki sehemu moja tu kati ya elfu. Lakini plutoniamu 239 huhitaji miaka 24,000 ili nusu yake tu iishe.

Hapo ndipo panapofika mpaka wa "teknolojia ipo". Mabwawa na makasha yapo, yamefanya kazi miongo mingi, na mtu akikuambia hivyo hakudanganyi. Ila bwawa na kasha ni kibanda cha kusubiria tu. Mahali pa kudumu ni suala la sheria, fedha na ridhaa, na hayo hayanunuliwi pamoja na kinu. Umoja wa Ulaya ulipokubali mwaka 2022 kuiweka nyuklia katika orodha ya uwekezaji unaofaa kwa tabianchi, uliambatanisha sharti: nchi husika iwe na mpango wenye maelezo kamili ya kuwa na hifadhi ya kudumu ya taka kali inayofanya kazi ifikapo 2050, pamoja na mfuko wa kuigharamia. Yaani usafi wa umeme na maziko ya taka viliandikwa katika karatasi moja. (Austria, isiyotaka nyuklia hata kidogo, ilikwenda mahakamani kulipinga hilo.)

Kenya ina pa kuanzia. Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019 iliunda mamlaka ya udhibiti iliyo mbali na wakala anayetaka kujenga kinu, na Ibara ya 42 ya Katiba inawapa haki ya mazingira safi walio hai na vizazi vijavyo vilevile. Tena marekebisho ya Sheria ya Tabianchi ya mwaka 2023 yalipotaka miradi ya kaboni inayotumia ardhi iwape wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato baada ya kuondoa gharama, yalithibitisha kwamba serikali ikiamua inajua kuandika haki ya jamii kwa tarakimu. Mkirudi kikaoni, ulizeni tarakimu za taka namna hiyohiyo: ni senti ngapi katika kila uniti zitatengwa, zitakaa katika mfuko wa nani, na nani hataruhusiwa kuugusa. Baada ya maandamano ya Uyombo ya mwaka 2024, viongozi wa serikali walianza mwaka 2025 kuitaja Siaya, kando ya Ziwa Victoria, kuwa ndiko kinu kitakakokwenda. Kikienda huko, swali lako liende nacho.

Mhariri, ninaishi Tampere, Finland, na wenyeji wa hapa husema wao suala la taka za nyuklia wamelimaliza. Mwenzangu kazini alicheka nilipomweleza kwamba kwetu Kenya watu wanaandamana. Je, Wafini wamejaliwa mwamba ambao sisi hatuna?
*Msomaji wa Tampere*

Mwamba wao ni mzuri, hilo halina ubishi: una umri wa takribani miaka bilioni 1.9 na umetulia. Lakini mwamba wa kale ulioshikilia katikati ya Tanzania, kuanzia maeneo ya Dodoma kuelekea Ziwa Victoria, una umri mkubwa kuliko huo. Jiolojia peke yake haielezi kitu.

Nitakachokuomba umweleze mwenzako ni mfuatano wa miaka. Serikali ya Finland iliweka ratiba ya kutafuta mahali pa kuzikia taka mwaka 1983, wakati vinu vyake vinne vilikuwa bado vipya. Mwaka 1988 ukaanza mfuko wa serikali ambao wenye vinu huuchangia, ili gharama iwemo katika bei ya umeme wa leo wala isiachiwe wajukuu. Mwaka 1994 Bunge likapiga marufuku kupeleka taka za nyuklia nje ya nchi au kuziingiza, na hivyo kila mtu akajua kwamba hakuna jirani wa kutupiwa mzigo. Pamoja na hayo kulikuwa na lililo gumu zaidi kwa serikali yoyote, nalo ni kwamba sheria iliipa halmashauri ya mahali panapopendekezwa haki ya kukataa, na kukataa kwake hakungeweza kupinduliwa kutoka Helsinki. Januari 2000 madiwani wa Eurajoki, mahali palipopendekezwa, walipiga kura, 20 wakakubali na 7 wakakataa. Mwaka uliofuata Bunge likaridhia kwa kura 159 dhidi ya 3. Uchimbaji ulianza 2004, leseni ya ujenzi ikatolewa 2015, na mwaka 2024 yakafanyika majaribio ya mtambo kwa makasha yasiyo na fueli halisi. Tangu ratiba hadi majaribio ni miaka 41. Katika muda huo serikali zilipanda na kushuka, na ratiba ikabaki.

Shimo lenyewe linaitwa Onkalo, na liko zaidi ya mita 400 chini ya kisiwa cha Olkiluoto. Fueli huwekwa ndani ya mhimili wa chuma, mhimili huo huvishwa ganda la shaba lenye unene wa sentimita 5, kasha zima likawa na kipenyo cha mita moja hivi, na linateremshwa katika kisima kilichochimbwa sakafuni mwa handaki. Nafasi inayobaki kati ya shaba na mwamba hujazwa bentonaiti, udongo wa mfinyanzi ambao ukiguswa na maji huvimba na kujibana wenyewe, na mwisho handaki huzibwa. Hakuna mlinzi, hakuna pampu, hakuna umeme unaohitajika. Nadhani hilo ndilo wazo bora kuliko yote katika mradi ule, kwamba usalama wa miaka elfu mia moja usiitegemee ofisi yoyote kuwa bado ipo.

Ila mwambie pia asicheke sana. Watu wa Eurajoki walikuwa wameishi na vinu viwili kijijini kwao zaidi ya miaka 20 kabla ya kura ile, ndugu zao walifanya kazi humo, na kodi ya majengo iliijenga halmashauri yao. Ridhaa yao ilikomaa kwa mazoea na kwa haki ya kukataa. Mvuvi wa Uyombo hana moja wala jingine.

Na ukitaka kuona nchi tajiri yenye wataalamu tele ikishindwa, itazame Marekani. Sheria yake ya taka za nyuklia ya mwaka 1982 ilikuwa nzuri kwenye karatasi: kila uniti ya umeme wa nyuklia ilitozwa sehemu ya kumi ya senti, na serikali ikaahidi kuanza kuzichukua taka ifikapo tarehe 31 Januari 1998. Mwaka 1987 Bunge lao likayafuta maeneo mengine yaliyokuwa yakichunguzwa na kuuacha mlima mmoja tu, Yucca, katika jimbo la Nevada lisilokuwa na kinu hata kimoja cha umeme na ambalo halikuulizwa, juu ya ardhi ambayo Washoshone wa Magharibi wanaidai kuwa yao. Nevada ilipigana mahakamani na bungeni hadi fedha za mradi zikakatwa miaka ya 2010 na 2011. Mfuko una zaidi ya dola bilioni 40, taka zipatazo tani 90,000 zimekaa katika makasha na mabwawa kwenye vituo zaidi ya 70 kote nchini, na serikali inawalipa fidia wenye vinu kwa kuvunja ahadi ya 1998. Fedha zipo na mwamba upo. Kilichokosekana ni ile kura ya Eurajoki.

Marekani hiyohiyo ina hifadhi moja inayofanya kazi, ya taka za silaha, iliyo ndani ya tabaka la chumvi mita 655 chini ya jangwa la New Mexico. Februari 2014 pipa moja lilifumuka humo na kutoa mionzi, na mahali pakafungwa karibu miaka mitatu. Uchunguzi ulionyesha kwamba huko pipa lilikofungiwa, unyevu ulikuwa umekaushwa kwa chembechembe za choo cha paka, zile zinazouzwa madukani, ila badala ya aina ya udongo walitumia aina inayotokana na nafaka, nayo ikajibizana na kemikali zilizokuwemo. Mwamba wa chumvi wa miaka milioni mia mbili na zaidi haukuwa na kosa lolote.

Bwana Mhariri, kwa nini tujisumbue? Anayetuuzia kinu na fueli aichukue taka yake arudi nayo.
*Msomaji wa Mombasa*

Wapo wanaofanya hivyo. Urusi ilikubaliana na Bangladesh kuichukua fueli itakayotumika katika kinu cha Rooppur, na ina mapatano ya namna hiyo na Iran. Hata Finland, kwa kinu chake cha Loviisa kilichotengenezwa na Wasovieti, ilikuwa ikirudisha fueli huko hadi mwaka 1996, sheria niliyoitaja ilipofunga mlango.

Ni faida kubwa kuipata katika mkataba, ila isomwe kwa miwani. Kinu huishi miaka 60, na katika miaka 60 dola zimeshawahi kuvunjika; mwaka 1996 hiyo Sovieti iliyokuwa imeuza kinu cha Loviisa haikuwepo tena. Vilevile kuna tofauti kati ya kuichukua fueli moja kwa moja na kuichukua kwa kuisafisha tu, yaani kutenga kinachoweza kutumika tena na kubakiza taka. Ufaransa huisafisha fueli ya wengine katika kiwanda cha La Hague, lakini sheria yake inakataza taka za wageni kubaki nchini, na mabaki makali yaliyogandishwa katika kioo hurudishwa kwa mwenyewe. Wajerumani walizipokea zao kwa treni, na katika safari nyingi waandamanaji walikaa juu ya reli. Anayeweka saini kwa niaba yetu aulizwe kama neno lililoandikwa ni "kuchukua" au ni "kusafisha", kwa sababu bei ya maneno hayo mawili hailingani.

Shikamoo Mhariri. Mimi nanunua na kuuza vyuma chakavu. Haya ya vinu yako mbali nami, lakini kijana wangu alisikia kwamba hata chuma cha hospitali kinaweza kuwa na mionzi. Ni kweli au ni hofu tu?
*Msomaji wa Dar es Salaam*

Marahaba. Ni kweli, na barua yako ningeiweka ya kwanza kama ningezipanga kwa kuangalia nani yuko karibu na hatari leo hii. Tanzania haina kinu cha umeme wa nyuklia, lakini taka za nyuklia inazo, kama zilivyo nchi zote zinazotibu saratani kwa mashine, kupima unene wa barabara na mabomba, au kutafuta mafuta ardhini. Ndani ya vifaa hivyo mna kipande kidogo cha kitu chenye mionzi, pengine cha ukubwa wa betri ya redio, kilichofungiwa katika gamba zito la madini ya risasi au chuma. Kifaa kikichakaa, kipande hicho hakichakai kwa kasi ileile.

Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, vijana wawili waliingia katika kliniki iliyohamwa, wakabeba kichwa cha mashine ya tiba ya saratani iliyoachwa humo, na kukiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu 137, gramu 93 tu. Usiku unga ule ulitoa mwanga wa samawati, na mnunuzi, kwa kuona ni kitu cha ajabu, aliwaita ndugu na majirani waje kuutazama, na wengine wakaondoka na chembe mkononi kama zawadi. Watu wanne walikufa, mmoja wao akiwa mtoto wa miaka sita. Watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi baada ya watu zaidi ya 112,000 kupimwa. Na nyumba zikabomolewa, hata gramu zile 93 zikazaa takribani mita za ujazo 3,500 za taka za kuzikwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiona kwenye mzigo alama ya mabawa matatu meusi juu ya manjano, au kasha dogo ambalo uzito wake haulingani na umbo lake, usilipige nyundo wala kulipeleka kwenye tanuri. Liache hapo, wasogeze watu mbali, na uwaarifu Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania au polisi. Tume hiyo ndiyo iliyopewa kazi hii na Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003, na ina hifadhi ya kuweka vyanzo vilivyokwisha kazi. Kenya ina kituo chake Oloolua, pembezoni mwa Nairobi.

Katika sera, ugumu hapa ni daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na chanzo cha mionzi ambacho hospitali haikumbuki kukinunua ndicho kitakachofika kwenye mizani yako. Ningependa kuona sheria ikimtaka kila anayeingiza kifaa cha namna hii aweke dhamana ya kukirudisha kwa mtengenezaji kabla hakijavuka bandari, na wanunuzi wakubwa wa chakavu wafungwe vipima mionzi getini. Ni gharama ndogo ukiilinganisha na tanuri moja la chuma lililochafuliwa.

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu. Wanafunzi wangu wameuliza: urani ya Mto Mkuju ikisafirishwa, taka itabaki kwetu au itakwenda na mnunuzi? Nami nikakosa jibu.
*Msomaji wa Namtumbo, Ruvuma*

Mwalimu, wapo waandishi wengi wa sera ambao hawajawahi kuuliza swali hilo. Zitakuwepo taka mbili. Ile ya kinuni itakuwa mali ya nchi itakayoichoma urani. Lakini ya mgodini hubaki pale mgodi ulipo, na si ndogo. Jiwe husagwa, urani hunyonywa kwa asidi au dawa nyingine, na unga wa rangi ya manjano hutiwa katika mapipa ukaondoka. Kinachobaki ni tope, na katika tope hilo mna kama asilimia 85 ya mionzi yote iliyokuwemo katika jiwe, kwa sababu radiamu na toriamu hazikuwa zikitafutwa. Radiamu hiyo hupungua kwa nusu katika miaka 1,600, na muda wote huo hutoa gesi ya radoni, ambayo nayo ina mionzi. Tope likikauka hupeperuka, na likinyeshewa bila kingo hufuata mto.

Mto wenyewe katika kisa hiki hutiririka kuelekea Selous. Mwaka 2012 kamati ya UNESCO ilikubali kurekebisha mpaka wa pori hilo la urithi wa dunia ili eneo la mradi liwe nje yake, na Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio ya uchakataji. Wanafunzi wako waulize mambo yanayopimika: bwawa la tope limetandikwa nini chini, maji ya visima yanapimwa mara ngapi na matokeo yanabandikwa wapi, na dhamana ya kufunga mgodi imeshalipwa au imeahidiwa. Kampuni hudumu miaka 20 au 30, na radiamu nimekwisha kukutajia umri wake.

Kuna historia ya kuwasimulia pia. Urani nyingi ya mradi wa bomu la Marekani miaka ya 1940 ilitoka Shinkolobwe, Katanga, nchi ya wasemaji wenzetu wa Kiswahili, na jiwe lake lilikuwa tajiri kiasi kwamba mabaki yake baada ya kunyonywa yaligeuka kuwa taka kali kupita mabaki ya kawaida ya migodi. Sehemu ya mabaki hayo iliwekwa katika mnara wa zamani wa maji, kisha ikafukiwa mahali paitwapo Lewiston, karibu na maporomoko ya Niagara, katika hifadhi iliyoitwa ya muda. Ilipofika mwaka 2019 jeshi la wahandisi la Marekani ndilo lililoamua kwamba yaondolewe. Huko Katanga nako, mgodi ulifungwa kwa amri ya rais mwaka 2004, na mashimo yake bado yapo. Jiwe lilisafiri nusu ya dunia, na pande zote mbili zikabaki na lao la kulinda.

Mhariri, sisi wa pwani tunahofia kwamba hizo nchi zilizokosa pa kuzika zitakuja kututupia baharini. Nani anazuia?
*Msomaji wa Tanga*

Hofu yako ina asili, kwa sababu Ulaya yenyewe ilitupa mapipa ya taka za mionzi katika Atlantiki tangu 1949 hadi 1982, tena waziwazi. Mwaka 1993 nchi za mkataba wa London wa utupaji baharini zilikubaliana kupiga marufuku taka zote za mionzi. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 unakataza kuziingiza Afrika. Na Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika kuwa bara lisilo na silaha za nyuklia, una ibara inayozikataza nchi wanachama kutupa taka za mionzi popote katika eneo la bara hili au kumsaidia mtu kuzitupa. Ulikaa miaka 13 ukisubiri idadi ya nchi za kuuridhia, na iliyoikamilisha, Julai 2009, ni Burundi, isiyokuwa na bahari.

Sheria, basi, ipo. Doria ndiyo inayotaka boti, mafuta ya boti, na kipima mionzi ndani ya boti, na bajeti ya hayo hupitishwa Dodoma na Nairobi kila Juni.